Nafuu za korona: kipi kimekwisha, kipi bado ni haki yako

Maswali ya wasomaji, toleo la Februari 2021 (sheria, viwango, ada na tarehe zote humu ni za wakati huo; nyingi zimebadilika tangu hapo)

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka kwa watu waliokuta mambo yamegeuka Januari bila mtu kuwaeleza. Nafuu alizotangaza Rais Uhuru Kenyatta tarehe 25 Machi 2020, siku 12 baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini Kenya, hazikuwa kitu kimoja. Nyingine zilipitishwa na Bunge zikawa sheria, nyingine ni maagizo ya Benki Kuu, na nyingine ni fedha za bajeti ambazo zikiisha zimeisha. Kila moja ina siku yake ya kuanza na siku yake ya kukoma. Karibu kila mvutano tuliousoma humu, uwe wa mfanyakazi na mwajiri, muuzaji na mteja au mkopaji na benki, chanzo chake ni tarehe. Tunaanza na msomaji ambaye siku zake zinahesabika.

Nilikopa benki nikanunua pikapu ya kupeleka mboga mashuleni. Shule zilipofungwa kazi ilikufa. Nimejikaza kulipa hadi Desemba, lakini Januari nimeshindwa. Bado naweza kuomba nafuu? Na je, riba itasamehewa? (Mwenye pikapu, Machakos)

Unaweza, lakini nenda wiki hii. Agizo la Benki Kuu la tarehe 18 Machi 2020 linawahusu wakopaji ambao mikopo yao haikuwa na malimbikizo tarehe 2 Machi 2020, na dirisha lake linafungwa tarehe 2 Machi 2021. Mkopo wa mtu binafsi unaweza kuongezewa muda wa hadi mwaka mmoja. Wa biashara hupangwa upya kwa mazungumzo kati ya mkopaji na benki kulingana na hali yake. Gharama za kuongeza muda na kupanga upya zinabebwa na benki. Dirisha likishafungwa benki bado inaweza kukubali ombi lako, ila itakuwa kwa hiari yake na kwa ada zake za kawaida.

Riba haisamehewi. Wengi walidhani kusimamisha malipo ni kusimamisha deni, na sasa wanashangaa kuona salio kubwa kuliko walilokuwa nalo Machi. Chukua mkopo uliobaki shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni karibu shilingi 5,417. Ukisimamisha kila kitu kwa miezi 6 na benki ikawa inaongeza riba hiyo juu ya deni kila mwezi, mwezi wa saba unaanza ukiwa unadaiwa zaidi ya 533,000. Ukilipa riba peke yake kwa miezi hiyo 6, deni linabaki 500,000. Kwa hiyo kama pikapu inaingiza chochote, omba kulipa riba tu na kuahirisha deni la msingi. Kusimamisha malipo yote kunamfaa yule ambaye hana hata shilingi inayoingia.

Andika barua, usitosheke na maneno ya mezani. Taja namba ya mkopo, salio, kiasi cha kila mwezi, kwamba mkopo haukuwa na malimbikizo tarehe 2 Machi 2020, korona imekukata mapato vipi (weka taarifa ya benki au ya M-Pesa ya miezi 3 kabla ya Machi 2020 na ya miezi 3 iliyopita), unachoomba, na kwa muda gani. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo.

Benki ikikubali, dai ratiba mpya ya malipo yenye saini kabla hujaacha kulipa. Hapo ndipo watu huumia. Afisa anasema "usijali", mkopaji anaacha kulipa, lakini kwenye kompyuta ratiba ya zamani bado inaendelea, faini za kuchelewa zinajilundika na mkopo unahesabika mbovu. Angalia pia agizo la kukata fedha kwenye akaunti yako limebadilishwa kulingana na ratiba mpya, la sivyo fedha za kwanza zitakazoingia zitakatwa zote. Na uliza bima: kama mkopo umeongezwa miezi 12, bima ya gari na bima ya mkopo lazima zifike mwisho wa muda mpya.

Kwa wanaodaiwa na Sacco: agizo hilo ni la benki. Sacco ziko chini ya SASRA, mamlaka inayozisimamia, na kila moja ina utaratibu wake, kwa hiyo ombi lako linapitia kamati ya mikopo. Kumbuka kuwajulisha wadhamini wako, maana wao ndio watakaofuatwa.

Nadaiwa 800 na kampuni ya mikopo ya simu na 6,000 za M-Shwari nilizokopa Mei 2020. Wote wananitishia CRB. Rais hakusema watu wasiorodheshwe? (Kinyozi, Kisumu)

Madeni yako mawili hayafanani. La 800 haliwezi kukupeleka CRB, yaani taasisi za taarifa za mikopo, kwa sababu mbili. Kanuni mpya za taasisi za taarifa za mikopo zilizotangazwa Aprili 2020 zinakataza kupeleka taarifa mbaya za deni lililo chini ya shilingi 1,000. Tena Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa nayo ruhusa ya kupeleka majina. Wakikutumia ujumbe wa vitisho vya CRB, ni vitisho tu. Hata hivyo deni ni deni, na likilipwa wanakuacha.

M-Shwari ni mkopo wa benki ya NCBA ingawa unaingia kwa simu, sawasawa na KCB M-Pesa ambao ni wa benki ya KCB. Benki zinaweza kukuorodhesha. Nafuu aliyotangaza Rais ilihusu mikopo iliyochelewa kuanzia 1 Aprili 2020 na ikakoma 30 Septemba 2020. Sasa ni Februari, huna kinga tena.

Lipa kidogo kidogo kama huwezi zote, kisha omba ripoti yako. Kila mtu ana haki ya ripoti moja bure kwa mwaka kutoka Metropol, TransUnion na Creditinfo. Soma kila mstari: mkopo uliolipwa lazima uonyeshwe umelipwa. Ukihitaji cheti cha kuonyesha huna deni, cha mara ya kwanza ni bure kwa kanuni hizohizo za 2020. Usimlipe dalali anayedai anaweza "kufuta jina". Hawezi. Taarifa hurekebishwa na benki iliyoipeleka au na taasisi yenyewe baada ya malalamiko ya maandishi.

Mshahara wangu ni 50,200, haujapanda wala kushuka. Januari nimepokea pungufu kwa shilingi 3,000 na kitu. Mhasibu anasema ni kodi. Kwani kodi haikupunguzwa? (Karani, Thika)

Ilipunguzwa, kisha ikarudishwa. Sheria ya Aprili 2020 ilishusha kiwango cha juu cha PAYE, kodi ya mshahara, kutoka asilimia 30 hadi 25. Sheria ya Desemba imekirudisha 30 kuanzia 1 Januari 2021. Tupige hesabu yako, tukitoa kwanza 200 za NSSF (mfuko wa pensheni) ili zibaki 50,000 za kutozwa kodi.

Hadi Desemba ilikuwa hivi: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400, 16,667 zinazofuata kwa asilimia 15 ni 2,500, 9,333 zilizobaki kwa asilimia 20 ni 1,866.60. Jumla 6,766.65 pamoja na senti zake. Toa nafuu ya kibinafsi ya 2,400, unalipa 4,366.65.

Kuanzia Januari: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 bado ni 2,400, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 2,083.25, na 17,667 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 5,300.10. Jumla 9,783.35, toa 2,400, unalipa 7,383.35. Tofauti ni 3,016.70. Mhasibu wako hajakosea.

Kuna jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Ukilinganisha na Machi 2020, kabla ya nafuu, mshahara huohuo ulikuwa unakatwa 7,656.30. Kwa hiyo hata baada ya Januari bado unalipa pungufu kwa shilingi 272.95 kwa mwezi, kwa sababu nafuu ya kibinafsi imebaki 2,400 badala ya 1,408 ya zamani, na daraja la kwanza limebaki 24,000. Ni kidogo kwako, lakini kwa msomaji anayefuata ndiyo habari yote.

Mimi ni askari wa lango, nalipwa 22,500. Tulisikia walio chini ya 24,000 hawakatwi kodi. Mimi nimekatwa mwaka mzima. Nifanye nini? (Mlinzi, Nairobi)

Kwanza soma karatasi yako ya mshahara, kwa maana si kila makato ni kodi. NSSF 200 na NHIF (bima ya afya) 750 ni halali kwa mshahara wako, hazikuguswa na nafuu ya korona. Tafuta mstari wa PAYE. Kuanzia Aprili 2020 ulipaswa kuwa sifuri, na unapaswa kuwa sifuri hadi leo, kwa sababu asilimia 10 ya 22,300 ni 2,230, na nafuu ya kibinafsi ni 2,400. Nafuu hiyo haikuisha Januari. Waajiri wanaosema "nafuu imekwisha, tunaanza kukata tena" kwa watu wa mshahara wako wanakosea.

Kama mstari wa PAYE unaonyesha 1,322 hivi, mwajiri aliendelea na hesabu ya zamani. Kwa miezi 9, Aprili hadi Desemba, ni karibu 11,900. Hizi zinadaiwa hivi. Omba fomu ya P9 ya 2020, ambayo mwajiri ni lazima akupe. Ina mstari wa kila mwezi unaoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Ingia iTax, tovuti ya Mamlaka ya Mapato (KRA), pakua fomu ya ripoti ya mwaka 2020 upya (usitumie faili ya mwaka jana uliyowekewa na mtu wa saiba, hesabu zake ni za viwango vya zamani), ujaze kama P9 inavyosema. Nafuu ya kibinafsi ya 2020 ni 25,824, si 28,800: miezi 3 ya kwanza ni 1,408 kila mmoja na miezi 9 ni 2,400. Wengi wanakosea hapo. Wakiweka 28,800, dai linapita kiasi na linakataliwa. Wakiacha 16,896 ya zamani, wanajinyima.

Fomu ikimalizika itaonyesha kwamba KRA inakudai wewe au wewe unaidai. Tuma kabla ya 30 Juni 2021, kisha fungua sehemu ya kurejeshewa kodi kwenye iTax uombe fedha zako, ukiambatisha P9.

Kinachokwamisha zaidi ni mwajiri aliyekata bila kupeleka. Hapo KRA haina fedha za kukurudishia, kwa kuwa haikuzipokea. Ukiona iTax haionyeshi makato yaliyo kwenye P9 yako, usiyapunguze kwenye fomu ili mambo yaende. Peleka P9 na karatasi za mshahara kwenye ofisi ya KRA. Aliyekata fedha na kukaa nazo ndiye anayedaiwa, wewe hudaiwi.

Kama unalinda malango mawili kwa waajiri wawili, nafuu ya 2,400 ni ya mwajiri mmoja tu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Mteja alilipia nusu ya mabati tarehe 23 Desemba, nusu nyingine 8 Januari nilipompelekea. Anataka VAT ya asilimia 14 kwa yote. Yuko sahihi? (Eldoret)

Inategemea ankara uliitoa lini, kwa kuwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) imerudi kutoka asilimia 14 hadi 16 tangu 1 Januari. Kwa sheria ya VAT, siku ya mauzo ni ile inayotangulia kati ya siku ya kufikisha mali, siku ya kutoa ankara na siku ya kupokea malipo, yawe yote au sehemu. Kama ulimwandikia ankara ya mabati yote Desemba, mteja yuko sahihi: yote ni asilimia 14. Kama hukutoa ankara Desemba, nusu iliyolipwa tarehe 23 ni ya asilimia 14, lakini nusu ya Januari iulizie KRA kwanza kabla ya kuitoza 16. Usirudi nyuma kuandika ankara yenye tarehe ya Desemba. Mashine ya ETR, inayotoa risiti za kodi, ina kumbukumbu yake, na mfuatano wa namba utakusuta.

Mali ya Desemba ikirudishwa Februari, hati ya kumpunguzia mteja inafuata kiwango cha ankara ya mwanzo, yaani 14, na itolewe ndani ya miezi 6 tangu ankara. Vivyo hivyo ankara za Desemba ulizonunulia wewe: zidai kwa 14 zilivyo, hata ukiziweka kwenye ripoti ya Januari ambayo mwisho wake ni tarehe 20 mwezi huu.

Angalia bei zako pia. Aliyebandika bei yenye kodi ndani na hajaibadilisha anakula hasara bila kujua. Kitu cha 1,140 Desemba kilikuwa na 1,000 zako na 140 za serikali. Ukikiuza 1,140 leo, serikali inachukua 157.24 na wewe unabaki na 982.76. Kama ETR yako bado haijabadilishwa kiwango, mwite fundi wa kampuni iliyokuuzia leo. Tofauti ya asilimia 2 kwa kila risiti tangu 1 Januari utailipa mwenyewe.

Nauza unga na sukari kwa jumla, mauzo ni kama 400,000 kwa mwezi. Nimeambiwa nilipe asilimia 1 ya mauzo. Ninachobakiza ni kidogo mno. Nafuu hiyo ni nafuu gani? (Mama wa duka, Bungoma)

Mama, swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, na tunalijibu kwa urefu kwa sababu wenye maduka kama lako ni wengi.

Kodi ya mauzo ilikuwa asilimia 3 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 5 kwa mwaka. Aprili 2020 ilishushwa hadi 1, na sasa inawahusu wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 50. Sheria ya Desemba haikuigusa, kwa hiyo asilimia 1 bado ipo. Mauzo yako ni 4,800,000 kwa mwaka, uko ndani yake. Hujafika milioni 5 ambapo VAT ni lazima, ila uko karibu: weka hesabu ya miezi 12 iliyopita kila mwisho wa mwezi. Mwenye saluni au fundi nguo anayebakiza nusu ya anachoingiza, asilimia 1 kwake ni nafuu ya kweli.

Kwako sivyo. Kodi hii inahesabiwa juu ya mauzo yote, haitoi gharama hata moja. Ukipata hasara unalipa. Tuchukue kwamba unabakiza shilingi 4 katika kila 100 unayouza. Hizo ni 16,000 kwa mwezi. Toa kodi ya chumba na mbeba mizigo, tuseme 6,000, unabaki na 10,000. Kodi ya mauzo ni 4,000. Umetoa sehemu mbili katika tano za faida yako.

Lakini sheria inakuruhusu kujitoa. Unamwandikia Kamishna wa KRA barua kwamba umechagua kutotozwa kodi ya mauzo, na kuanzia hapo unatozwa kodi ya mapato ya kawaida, yaani juu ya faida. Faida ya 10,000 kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka. Asilimia 10 yake ni 12,000, na nafuu yako ya kibinafsi ni 28,800 kwa mwaka. Kwa hesabu hii kodi yako ya mapato ni sifuri, ukilinganisha na 48,000, ila kabla ya kujitoa waulize KRA kuhusu kodi ya kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo, iliyoanza 1 Januari 2021 kwa wasio kwenye kodi ya mauzo.

Gharama ya njia hiyo ni vitabu. Lazima uweze kuonyesha ulichonunua, ulichouza na ulichotumia: ankara ya kila gunia, risiti ya chumba, kile ulichomlipa mbeba mizigo, na hesabu ya mali iliyobaki dukani tarehe 31 Desemba. Bila hivyo KRA ikikukagua itakataa gharama zako na kodi itapanda. Kama hununui kwa ankara, baki kwenye asilimia 1 hadi utakapojipanga.

Mpaka barua yako ipokelewe, endelea kulipa. Ongeza wajibu wa kodi ya mauzo kwenye PIN yako kupitia iTax, jaza ripoti kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, toa hati ya malipo, ulipe kwa M-Pesa ukiandika namba ya hati hiyo kama akaunti. Kulipa bila kujaza ripoti, au kujaza bila kulipa, yote mawili yana faini. Duka likiwa limefungwa mwezi mzima, jaza sifuri.

Serikali imesema inadhamini mikopo ya biashara ndogo. Kwa hiyo sihitaji dhamana? (Fundi viatu, Nyeri)

Unaweza kuihitaji. Mpango uliozinduliwa Desemba 2020 kwa mtaji wa shilingi bilioni 3 unambebea mkopeshaji hadi asilimia 25 ya deni la msingi iwapo mkopaji atashindwa. Anayelindwa ni benki. Wewe unadaiwa asilimia 100 kama kawaida, na kwa sehemu isiyodhaminiwa benki inaweza kutaka dhamana yako. Faida iko kwa mtu ambaye dhamana yake inapungua kidogo. Waulize kama mkopo wako umeingizwa kwenye mpango huo. Mikopo mingine ya benki hizohizo haimo.

Hoteli ilitupeleka likizo bila malipo Aprili 2020, "hadi wageni warudi." Hatujaitwa wala hatujaachishwa. Nalipwa 27,000 na nimefanya kazi miaka 6 kamili. (Mhudumu, Ukunda)

Sheria ya Ajira ya 2007 haina kifungu kinachompa mwajiri uwezo wa kukupeleka likizo bila malipo peke yake. Kubadilisha masharti ya kazi kunahitaji ashauriane na wewe. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ulisaini nini? Wengi pwani walisaini karatasi ya likizo ya mwezi 1 au miezi 3. Karatasi hiyo inakubana kwa muda ulioandikwa tu. Baada yake, ukimya wa mwajiri hauhesabiwi kuwa umekubali.

Mwandikie barua ya heshima: uko tayari kurudi kazini, unaomba tarehe, au kama nafasi haipo, akufuate kwa utaratibu wa kupunguza wafanyakazi. Utaratibu huo, kifungu cha 40, unamtaka atoe notisi ya mwezi 1 kwako (au kwa chama chako cha wafanyakazi kama umo) na kwa afisa wa kazi, alipe siku za likizo ulizobakiza, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwako, mwezi ukihesabiwa siku 30, siku 15 ni 13,500. Mara 6 ni 81,000. Ongeza 27,000 kama hakukupa notisi ya mwezi. Usisaini hati inayosema "nimejiuzulu kwa hiari" ili upate malipo ya haraka. Ukisaini, 81,000 zimepotea.

Asipojibu, nenda ofisi ya afisa wa kazi ya kaunti na mkataba, karatasi za mshahara na nakala ya barua. Madai ya ajira hufungwa baada ya miaka 3 tangu kosa lilipotendeka, kwa hiyo usiache yalale.

Nimefanya Kazi Mtaani siku 11 lakini fedha hazijafika; wenzangu wamelipwa. (Mathare)

Malipo ya Kazi Mtaani, mradi wa serikali wa vibarua vya vijana, ni 455 kwa siku, 505 kwa msimamizi, hivyo ulipaswa kuona 5,005. Mara nyingi kasoro iko kwenye laini: imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na jina la M-Pesa halilingani na la orodha. Hakikisha jina linalotokea mtu akikutumia fedha ni lako. Kisha mwombe msimamizi akuonyeshe saini zako kwenye daftari la mahudhurio, upige picha, uende nayo kwa chifu na kwa afisa wa mradi. Bila daftari hakuna pa kuanzia.

Mama ana miaka 73. Jirani anapata fedha za wazee, yeye hapati. Na zile 1,000 za kila wiki za korona zilikwenda wapi? (Mwingi)

Zile za kila wiki zilikuwa za dharura, zilitumwa kwa M-Pesa kwa kaya zilizochaguliwa kuanzia Aprili 2020, na hakuna dawati la kuziomba leo. Tunasema wazi kwamba uchaguzi uliofanywa bila orodha kubandikwa hadharani uliwaacha nje watu waliostahili, na malalamiko hayo ni ya haki.

Inua Jamii ni tofauti, ni ya kudumu: 2,000 kwa mwezi kwa mwenye miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni. Uandikishaji hufanyika kwa awamu, kwa hiyo jina lake liwe kwa naibu wa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii kabla awamu haijafunguliwa. Kagua mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho chake. Kama kimeandikwa mwaka wa kukisia unaomfanya kuwa na 68, anza na marekebisho hayo. Aandikishwe pamoja na mlezi anayeweza kumpokelea benki, kwa sababu vidole vilivyosuguliwa na jembe mara nyingi havisomeki kwenye mashine.

Kutuma chini ya 1,000 kwa M-Pesa si bure tena? (Wengi)

Ubure huo ulikoma 31 Desemba 2020. Kutumiana hadi 100 kumebaki bure. Kuhamisha kati ya benki na simu pia bado hakutozwi, na kiwango cha 150,000 kwa muamala mmoja na 300,000 kwa siku kimebaki.

Mwenye jengo ananiambia nihame mwisho wa mwezi kwa sababu nadaiwa kodi ya duka ya miezi 2. Hatuna mkataba wa maandishi. Serikali haikusamehe kodi za nyumba? (Mtwapa)

Haikusamehe. Rais aliwasihi wenye nyumba wawaelewe wapangaji, lakini hakuna sheria iliyofuta hata mwezi mmoja. Ulinzi ulio nao ni wa zamani kuliko korona. Duka lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya: notisi lazima iwe kwa fomu iliyowekwa, itaje sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita. Notisi ya mdomo si notisi. Ukipokea iliyo halali, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kwamba hukubali, na upeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku iliyoandikwa. Usipopeleka, siku hiyo ikifika notisi inakuwa na nguvu. Wakati huohuo lipa unachoweza na utunze kila ujumbe wa M-Pesa, kwa sababu kutolipa kwa miezi 2 ni miongoni mwa sababu ambazo sheria hiyo inampa mwenye jengo kukutoa, na baraza litauliza kwanza umelipa kiasi gani tangu mlipoanza kuvutana.